Mashahidi wa Nyuma ya Blanketi

Nilirudisha ufunguo wa ofisi mwezi uliopita, na tayari kijana aliyerithi meza yangu amenipigia simu kuuliza muhuri unawekwa wapi kwenye nakala ya hukumu. Nilimjibu: chini, upande wa kuume, bila kufunika sahihi ya hakimu. Kisha nikaona afadhali niwaandikie ninyi makarani vijana na mengine kabla hamjaharibu kila kitu. Mimi ni Feruzi wa Salumu, mtoto wa muuza chumvi wa Kasongo. Diploma yangu ya sheria niliitafuta Lubumbashi, nikipakua mifuko ya saruji asubuhi na kuingia darasani mchana na vumbi kwenye nyusi. Hakuna mjomba aliyenibeba. Wenzangu walibaki kule kwenye umeme. Mimi nilirudi nyumbani, na diploma iko ukutani sebuleni. Anayetaka kuiona aje, ila avue viatu.

Mnadhani karani wa mahakama, greffier kama tunavyosema hapa, anaishi kwa kalamu. Siku yangu ya kwanza sikugusa kalamu. Karani mkuu wa wakati ule, Papa Shabani, mzee mwembamba aliyepiga pasi shati lake hadi likasimama lenyewe, alinipeleka mlangoni pa ukumbi.

“Ita,” akasema.

“Niite nani?”

“Mutu yeyote. Ita baba yako.”

Nikaita. Papa Shabani akacheka hadi akashika ukuta. “Hiyo unaita mbuzi, bwana diploma. Hapa unaita mutu kwa jina ya Jamhuri. Jina yote, polepole, mara tatu, halafu unanyamaza. Ile kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Kama mutu iko, utamusikia hata kinywa hakijafunguka.”

Nilikasirika, maana chuoni hawakunifundisha kunyamaza. Lakini nilijifunza, na nasema bila haya kwamba hakuna aliyeita vizuri kuliko mimi katika mahakama yetu. Mtu akiitwa mara tatu bila kuitika, karani anaandika kwamba hayupo, na kesi inaendelea bila yeye. Amri nzito kama hiyo inatoka kwenye koo la karani. Ninyi siku hizi mnaita huku mkitazama simu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: mashine ya kupigia chapa ndani ya sanduku la mbao, bendera, majoho ya mahakimu kwenye mfuko wa plastiki, na muhuri, ambao nilisafiri nao ndani ya soksi. Nasema kusafiri kwa sababu mahakama haingoji Kasongo tu. Kuna wakati inafunga virago na kwenda kusikiliza kesi Kabambare, kwa pikipiki, na pale matope yanapokataa pikipiki, kwa miguu. Hakimu anayefika na matope hadi magotini anasikilizwa kwa heshima zaidi. Sijui kwa nini, lakini ni hivyo.

Katika safari mojawapo ya mwanzo nilitumwa kijiji kimoja ng’ambo ya mji mdogo wa Wamaza kumpelekea mtu barua ya kuitwa mahakamani. Kesi ndogo, ugomvi wa shamba. Nilifika saa za mchana, jua kali, kijiji kimejaa watu. Wanawake walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Mwanamume mmoja alikuwa akisuka kapu. Nikasimama katikati ya uwanja na kuita jina lile kama nilivyofundishwa.

Hakuna aliyegeuka. Michi haikukosa pigo hata moja. Nimeita mbele ya viziwi, walevi na wachawi wa kujisifu, na kila mara angalau jicho moja husogea. Pale hakuna jicho lililosogea. Ilikuwa kama sikufika.

Nikaita mara ya pili. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba ya mwisho, sauti ya mwanamume, kavu, isiyo na haraka: “Niko.”

Nikaenda. Nyuma ya nyumba palikuwa na migomba, na hakuna mtu.

Nilirudi uwanjani nikamuuliza msuka kapu: “Ndugu, nani ameitika?”

“Mwenyewe,” akasema, bila kuinua kichwa.

“Yuko wapi?”

“Si umesikia ameitika? Weka barua chini, Papa. Itafika.”

Niliiweka chini, juu yake nikaweka jiwe, nikaondoka haraka kuliko inavyompasa mtu mwenye diploma. Niliporudi Kasongo, Papa Shabani alinisikiliza, akasema tu kwamba vijiji vingine havipendi kuitwa, akabadilisha maneno. Alistaafu, akafa, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Kuhusu miaka ya katikati sina la kusema ambalo halipo kwenye maktaba ya hukumu zetu, nyingi zikiwa zimeandikwa na mimi, kwa Kifaransa safi.

Miaka michache iliyopita watu wenye silaha waliuvamia mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Lusangi. Walikufa wachimbaji. Baada ya mazishi wakaja wabunge, tume nzima, kuchunguza nani aliwaonyesha wavamizi njia. Tume ile ilikuwa na haki hiyo. Wabunge wanaruhusiwa kuchunguza mambo ya usalama, na wanaruhusiwa kuficha majina ya wanaosema nao. Walizunguka vijiji, na kile cha ng’ambo ya Wamaza kikiwemo. Huko, ili kuwalinda mashahidi, walifunga madirisha ya nyumba moja, wakatundika blanketi katikati ya chumba, wakakaa upande mmoja na orodha ya majina waliyopewa. Waliita, shahidi akaingia kwa mlango wa nyuma, akasema akiwa nyuma ya blanketi, akatoka. Hivyo hivyo, watu saba. Wote saba, walipoulizwa kuhusu Lumuna, walisema walimwona akiwaongoza wavamizi.

Lumuna alikuwa dereva wa pikipiki wa kijiji hicho hicho, mtu mzima, mpole, aliyejua kila kichochoro kati ya Wamaza na Lusangi. Alikamatwa barabarani na mteja mgongoni. Upande wa jeshi walimtazama wakasema hana bunduki wala sare, ni raia, apelekwe kwa mahakimu wa kiraia. Basi akaja kwetu, na pamoja naye ripoti ya tume: mashahidi saba bila majina. Ushahidi mwingine haukuwepo. Kwa kosa lile angezeekea gerezani, na gereza letu halizeeshi mtu polepole.

Hakimu aliyeongoza kesi alikuwa mwanamke mfupi aliyekunywa chai bila sukari. Watu walimwita Mama Juge. Alisoma ripoti, akaandika kuomba mashahidi waje mbele yake. Wabunge wakakataa. Akaandika tena. Safari hii alikuja kiongozi wa tume mwenyewe, bwana mkubwa wa suti ya kijivu ambaye sisi tulimwita Honorable tu, na wakakaa ofisini kwetu, mlango wazi, mimi nikiwa kwenye mashine yangu.

“Madame, bunge limekwisha kuona,” Honorable akasema. “Bunge ni macho ya raia wote. Sasa mahakama inataka macho gani tena?”

“Macho yenu ni ya kutunga sheria na kuuliza serikali, Honorable. Nikifunga mutu, lazima nisikie miye.”

“Hii ni mambo ya usalama wa inchi. Hawa watu wakijulikana, watakatwa vichwa. Damu yao itakuwa juu yako.”

“Najua.”

“Unajua, na unawataka?”

“Nawataka na blanketi yao,” akasema Mama Juge. “Sitaki sura. Nataka sauti, na huyu mutu wangu asikie anashitakiwa na nani. Lete orodha yako, kaa nayo mfukoni, utanongʼoneza karani majina. Ukumbi utakuwa mutupu.”

Honorable alinitazama. “Na huyu karani?”

“Nina diploma ya sheria,” nikasema.

“Sikuuliza hiyo.”

Ugumu wenyewe ulikuwa hapo, wadogo zangu, na msikubali mtu awaambie ulikuwa mwepesi. Kila upande ulikuwa na sheria mkononi. Mahakama haikuweza kuvunja siri ya bunge, na bunge halikuweza kumfunga Lumuna bila mahakama. Katikati yao alikuwepo mtu mmoja kwenye benchi, na tangu alipokamatwa mtu huyo hakuwahi kuitika jina lake. Tulipomwita alitazama sakafu. Tuliandika kwamba yupo kwa sababu tulimwona.

Tulikwenda kusikilizia Kabambare, kwenye ghala la zamani la pamba lenye chumba kidogo upande wa nyuma. Asubuhi ile ukungu ulikataa kuondoka. Hata saa nne milango ilikuwa myeupe. Tulitundika blanketi kwenye uwazi kati ya ghala na kile chumba. Chumba kilikuwa na mlango wake unaotazama msitu, na Honorable aliagiza polisi wakae mbali nao ili mtumishi yeyote wa serikali asimwone shahidi. Ndani ya ghala tulibaki wachache: mahakimu, mwendesha mashtaka, wakili, Lumuna, Honorable, na mimi.

Honorable alininongʼoneza jina la kwanza. Nikaita.

“Niko,” ikajibu sauti nyuma ya blanketi.

Sikuwa nimesikia mlango. Na sauti ile niliwahi kuisikia, sikukumbuka wapi.

“Ulimuona Lumuna akiongoza wale watu?” akauliza Mama Juge.

“Ndiyo, mukubwa. Nilimuona.”

“Asubuhi ao magharibi?”

“Ndiyo, mukubwa.”

Mama Juge aliinua macho yake kutoka kwenye karatasi. Akamwambia shahidi aende. Tukangoja. Nilisikia maji ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye mabati, na hakuna kingine. Nikaita jina la pili.

“Niko.”

Sauti ilikuwa kavu, isiyo na haraka. Alimwona Lumuna. Nikaita la tatu, na la nne. Wote walikuwepo, wote walimwona. Sauti haikuongezeka umri wala kupungua, haikukohoa, haikuhema kama ya mtu aliyetoka nje kuingia ndani. Wakili aliacha kuandika. Mwendesha mashtaka alikuwa akilitazama blanketi kama mtu anayetazama maji ambayo kitu kimezama ndani yake. Lumuna pekee hakulitazama. Alikuwa akilia kimya, mikono juu ya magoti.

Mama Juge aliniashiria, nikainama. “Ita mutu ambaye haiko kwa orodha,” akasema sikioni mwangu.

Mtu akiambiwa hivyo ghafla, jina linalokuja ni lile alilolizoea. Nilisimama wima, nikaita kwa jina la Jamhuri, polepole: “Feruzi wa Salumu.”

Nikanyamaza.

“Niko,” ikasema sauti.

Nilipeleka mkono kwenye kinywa changu. Kilikuwa kimefungwa.

“Wewe ndiye Feruzi wa Salumu?” akauliza Mama Juge.

“Miye mwenyewe, mukubwa.”

“Ulimuona Lumuna?”

“Ndiyo. Nilimuona.”

Wazee wa kwetu Kasongo wana dua za mambo kama haya, na mimi nilizisoma zote kimoyomoyo, pamoja na vifungu viwili vya sheria. Mwendesha mashtaka alisimama akasema blanketi livutwe. Honorable akaruka.

“Hapana! Hiyo blanketi ni ya bunge. Mahakama ikiivuta, imevua bunge nguo!”

“Sitaivuta,” akasema Mama Juge. “Siri ni yenu, Honorable. Vuta wewe.”

Honorable alilitazama blanketi, kisha mlango. Nampa heshima yake: angeweza kutoka, kupanda gari lake na kutuachia lile giza. Badala yake alikwenda, akashika pindo la blanketi kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nguo ya maiti, akalivuta.

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya tofali, miguu mitupu, kofia mapajani. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Kwenye udongo mlaini wa nje kulikuwa na nyayo za mtu mmoja zikiingia, na hakuna zilizotoka.

“Wengine wako wapi?” Honorable akauliza.

“Wako hapa,” mzee akasema, akagusa kifua.

Aliitwa Mukonga. Alituambia bila woga, kama mtu anayeeleza kazi ya ufundi. Wakati wa vita walikuja watu wenye orodha ya majina. Aliyeitika alichukuliwa, na hakurudi. Kijiji kikakaa shauri msituni. Mukonga alikuwa amebaki peke yake, mke na watoto wamekwisha, basi wakampa majina yote. Tangu siku ile, mgeni wa serikali au wa bunduki akiita, hakuna anayesikia. Mukonga ndiye anayeitika.

“Na jina yangu?” nikamuuliza. “Miye siye wa kijiji chenu.”

“Uliita,” akasema. “Jina ikiitwa hivi na mukubwa, haifai ibaki peke yake hewani. Na wewe nakujua. Ulituletea barua siku moja. Nilikuitikia.”

Mama Juge aliuliza kwa upole: “Mzee, kwa nini unasema ndiyo kwa kila kitu?”

“Ukisema hapana, wanauliza tena, wanapiga. Ukisema ndiyo, wanaenda.”

“Lakini ulisema Lumuna aliongoza wauaji! Ulimufunga mutoto wa kwenu!” Honorable sasa alikuwa akipiga kelele, na jasho likimtoka kwenye ubaridi ule.

Mzee Mukonga alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Lumuna ni miye. Jina yake ninayo. Nilifikiri mutanikamata miye. Nilikuwa nimekwisha kufunga vitu vyangu kwa kitambaa, ninawangojea.”

Mwendesha mashtaka alikaa chini.

Jioni ile Honorable aliomba mambo ya blanketi yasiandikwe. Alisema adui akijua kwamba kuna vijiji ambavyo serikali ikiita inajibiwa na mtu mmoja, nchi haina usalama. Sikumdharau, alisema kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiwaza. Mama Juge alikataa. “Basi ripoti yetu inabaki,” akasema Honorable. “Tuliita watu saba, saba waliitika. Mahakama haina kalamu ya kusahihisha maneno ya bunge.” Na ni kweli, hatuna. Ripoti ile haijabadilishwa hadi leo. Jina la Lumuna limo, na mashahidi wake saba.

“Tutafanya nini?” nilimuuliza Mama Juge alipoondoka.

“Wao wako na karatasi yao. Sisi tuko na mutu wetu. Andika hukumu.”

Niliiandika: Lumuna aachiliwe, ushahidi haupo. Lakini asubuhi, kabla ya kufungua milango, aliniambia jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. “Nataka aitike mwenyewe. Nikisoma hii kwa jina iliyoitikiwa na mwingine, nimeachilia nani? Asipoitika, sisomi. Atarudi mahabusu hadi aitike.”

Ghala lilijaa. Kijiji kizima kilikuwa kimetembea kuja, na walikaa kama nilivyowakuta ule mchana wa zamani, macho chini. Nikaita jina la Lumuna.

“Niko,” akasema Mukonga kutoka nyuma. Hakukusudia ubishi, ilimtoka kama chafya.

“Mzee, nyamaza,” akasema Mama Juge. “Siye wewe.”

Nikaita mara ya pili. Kimya. Mukonga alikuwa amejiziba kinywa kwa kofia. Lumuna alisimama kati ya polisi wawili. Mwanamke mmoja mbele alikuwa akitikisa kichwa polepole, akimkataza.

Nikaita mara ya tatu, ya mwisho, vizuri kuliko nilivyowahi kuita. Kisha nikanyamaza, na katika kunyamaza kule nilimsikia kabla hajafungua kinywa.

“Niko.” Ilikuwa sauti nyembamba, mpya, kama ya mtu aliyetoka kuugua. “Miye. Miye mwenyewe niko.”

Yule mwanamke alipiga ukunga wa msiba. Mama Juge akasoma hukumu juu ya kilio hicho, neno kwa neno, na polisi wakamfungua Lumuna pingu.

Nilitoka nje kumpa Lumuna nakala yake, yenye muhuri mahali pake. Watu wa kijiji walikuwa wamekwisha kuanza safari kwa barabara ya Wamaza, wote pamoja, bila yeye. Mukonga alikuwa wa mwisho.

“Mzee, mungojeeni,” nikamwambia. “Ni mutoto wenu, iko huru.”

“Hapana, Papa greffier. Huyu amekwisha kujionyesha. Siku watakuja tena, watamuita, na ataitika. Miye sina tena jina yake.”

“Na hiyo ni mubaya?”

“Sijui,” akasema Mukonga. “Hatujaona bado mutu wa namna hiyo.” Akawafuata wenzake.

Lumuna alikunja karatasi, akaitia kifuani, akaanza kutembea nyuma yao. Hakuwakaribia. Waliposimama, naye alisimama, walipoendelea, aliendelea. Ukungu ulikuwa bado umelala barabarani na ulikuwa unaanza kumla miguu. Mimi nilibaki mlangoni pa ghala, muhuri mkononi, kinywa kimefungwa, nikimtazama.

Alipofika kwenye kona alisimama ghafla, akageuka, akatazama upande wangu kwa makini kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, anayemtafuta aliyemwita. Akasema kwa sauti kubwa: “Niko!”

Sikuwa nimeita mtu.